Sauti Niliyompa Yule Mama

Jumatatu, 3 Machi

Nimepewa riwaya mpya ya kusomea redioni. Bosi ameniwekea mezani akasema hii ni nzito, jipange. Kwa Bosi kila kitu ni cha kujipanga, hata chai. Nikacheka, nikaitia mkobani. Sasa sicheki.

Niliianza kwenye benchi la kliniki, Mama akiwa ndani ananyooshwa nyonga. Kurasa za mwanzo hazina neno. Familia tu. Baba ni fundi saa, hanyanyui kichwa. Mama. Watoto watatu — wasichana wawili na mvulana, kitinda mimba. Nyumba safi, inang'aa. Nikasema aa, Bosi naye kwa kukuza mambo.

Halafu ikaja jioni ya kwanza. Vyombo vimeshaoshwa. Yule mama anakaa kwenye kigoda, watoto wanajipanga mbele yake, naye anauliza kwa upole kabisa: "Haya. Nani leo?" Yaani nani amekosa leo. Lazima awepo mmoja. Asipopatikana, halali mtu. Na siku ambayo hakuna aliyekosa je? Watoto wamejiwekea zamu! Leo mkubwa anakiri kosa la kutunga, kesho wa kati, keshokutwa mdogo. Anakiri, anaadhibiwa, wote wanakwenda kulala. Baba anasikia kila kitu na anaendelea na saa zake.

Nikafunga kitabu. Nikafungua. Nikahama benchi, nikakaa karibu na mlango kwenye upepo, kisha nikarudi nilipokuwa. Mwanamke mmoja akaniuliza kama nina maumivu.

Mama alipotoka na fimbo yake alinitazama akasema mbona umekunja uso kama aliyelamba ndimu. Nikamwambia ni kazi. Kazi gani hiyo, akasema, kusoma hadithi ndiko kukukunjishe uso, wenzako wanabeba zege.

Anaishi kwangu tangu aanguke bafuni kwake. Tunakaa vizuri. Naandika hivyo kwa sababu ni kweli na kwa sababu sikutegemea. Miaka mingi nilikuwa namtembelea kama mgeni wa kupita — mkoba begani, chai nusu kikombe, haya Mama, nawahi gari. Sasa tunakula meza moja na tunacheka mpaka anashika nyonga. Hili sitaki liguswe na kitu chochote.

Jumanne, 4 Machi

Nimeimaliza. Nimeimaliza asubuhi nikiwa nimesimama jikoni, maziwa yamefurika yakazima moto. Mama akapaza sauti kutoka chumbani: kuna nini kinaungua? Hakuna kitu, Mama! Maziwa ya watu wawili yote yako sakafuni.

Kitinda mimba anaishiwa uongo. Ana miaka sita, atautoa wapi kila siku? Basi anaanza kukosa kweli, ili zamu yake ikifika asikose cha kupeleka. Kwanza kikombe. Halafu kifaranga. Halafu jioni moja anatoka mstarini, hata hajaulizwa, anasema amemwacha dada yake wa kati kwenye tangi la maji na amerudisha mfuniko. Na yule mama anajibu, anatabasamu: "Leo si zamu yako, mwanangu."

Kumbe muda wote alijua kuhusu zamu! Alijua wanakiri uongo na akawaadhibu vilevile. Hakwenda kutazama tangi mpaka asubuhi.

Nilitaka kuitupa dirishani. Nikakumbuka ni mali ya ofisi.

Sasa kazi. Nimetoa kurasa kwenye jalada ili zisichakarike mbele ya kipaza sauti, na nimechukua penseli zangu. Kila mhusika na rangi yake, kila rangi na sauti yake. Sisi wasomaji ni watu wa kuazima. Baba fundi saa nimempa sauti ya mlinzi wa jengo letu, yule anayeongea kama ana pipi mdomoni. Msichana mkubwa — keshia wa kantini. Kitinda mimba nimemwazima mtoto wa jirani, ana kamasi za kudumu.

Yule mama nimempigia mistari myekundu kurasa zote. Sauti sijampa. Kila nikimfikiria nakwenda kufuta vumbi. Nimefuta rafu zote na juu ya friji. Nitamsoma kawaida tu, bila sauti yoyote. Atajitafutia mwenyewe.

Alhamisi, 6 Machi

Siku ya kwanza kwenye chumba cha kurekodia. Feni imezimwa kwa sababu inavuma. Nimevaa ile blauzi ya pamba isiyochakarika, nimekula ndizi mbili ili tumbo lisinguruke. Upande wa pili wa kioo yuko Masikio. Ni fundi mitambo wetu, anasikia hata mate yakimezwa. Akasema: twende.

Nikasoma vizuri. Nyumba, saa, vyombo. Nikafika kwenye kigoda. "Haya. Nani leo?"

Masikio akainua kichwa. Kwa kawaida yeye hutazama mashine, msomaji hamtazami. Nikadhani nimekosea, nikauliza nirudie? Hapana, hapana, akasema, endelea hivyohivyo, usiguse kitu.

Tulikwenda mpaka sura ya tatu bila kusimama. Nilitoka nimelowa mgongo mzima. Masikio akanifungulia mlango, akaniuliza ile sauti nimeitoa wapi. Amefanya kazi hii tangu enzi za kanda na mkono wake umesimama nywele — akanionyesha na mkono. Nikamwambia sijui. Ilikuja tu.

Nilikuwa na furaha, nisidanganye. Nilinunua samaki nikitoka kazini. Nikamwambia Mama leo nimesifiwa. Akasema hata ningesoma mimi ungesifiwa wewe, maana koo umerithi kwangu. Tukacheka.

Ijumaa, 7 Machi

Lo! Lo!

Asubuhi Masikio aliniita niende kusikiliza sura ya kwanza kwenye spika kubwa. Nilikuwa nimeupa mlango mgongo, nakoroga chai. "Haya," ikasema spika. "Nani leo?"

Niligeuka. Niligeuka kutazama mlango, kikombe mkononi, kuona Mama amefikaje ofisini na nyonga ile.

Ni yeye. Si mfano wake, ni yeye hasa. Inavyoanza kwa upole, halafu inashuka, halafu "mwanangu" inavutwa kidogo mwishoni. Mama hakuwa mtu wa kupiga kelele. Watoto wenzetu mama zao walipiga kelele mtaa mzima ukasikia, wakamaliza, wakacheka nao. Mama alikuwa anapoa. Ukisikia imeanza kupoa ulijua umekwisha. Mimi na mdogo wangu tulikuwa tunatazamana tu.

Haijasikika nyumbani kwangu hata siku moja tangu ahamie. Nilishasahau kwamba ipo. Kumbe nilikuwa nayo kooni.

Kosa ni langu na ni kosa la kijinga, hata mwanafunzi wa wiki ya kwanza halifanyi. Msomaji haingii chumbani na mhusika asiye na sauti. Ukiacha nafasi wazi, mdomo unaokota kilicho karibu.

Mama si yule mama. Hajamwua mtu, hajampanga mtu mstarini akamuuliza nani leo. Alitulea peke yake na alichoka. Lakini redio yote itamsikia yeye akitabasamu mbele ya tangi. Na yeye mwenyewe atasikia! Mama haachi redio. Anawajibu watangazaji: wakisema habari za mchana, anasema nzuri, za kwako.

Bosi amesikiliza na yeye. Amesema hiki ndicho kitu bora nilichowahi kufanya. Nikaenda chooni nikakaa.

Jumapili, 9 Machi

Nimempigia mdogo wangu. Anaishi mbali, ana mtoto mchanga, humpati mpaka umvizie. Nikamwambia nisikilize kidogo, uniambie huyu ni nani. Nikasema mstari mmoja tu, ule wa kigoda.

Mtoto analia nyuma yake. Halafu akasema: usinifanyie hivyo tena, dada. Akakata.

Baadaye ameandika ujumbe kwamba samahani, mtoto alikuwa anasumbua. Sawa.

Mama kafurahi leo. Ameenda hadi kwenye kibaraza bila fimbo na kurudi, akataka nipige makofi. Nikapiga. Kisha akaniuliza hadithi yangu inaanza lini redioni, amewaahidi watu wote wa kliniki na fundi cherehani wa chini. Ijumaa saa kumi, nikasema. Ni hadithi ya nini? Ya familia, nikasema. Akasema afadhali, amechoka na za majambazi.

Nimeosha mapazia ambayo yalikuwa safi. Nikae wapi mimi? Nikikaa nainuka, nikiinuka nakosa la kufanya.

Jumatatu, 10 Machi

Leo nilikwenda nimejiandaa. Nimemwazima mwuza duka la dawa — sauti kavu, ya puani. Nikasoma nusu ukurasa. Masikio akasimamisha: huyu nani? Mama wetu ameenda wapi?

Nikajaribu mwalimu mkuu wangu wa zamani. Nikajaribu jirani. Nikajaribu kumsoma bila sauti yoyote, kama taarifa ya hali ya hewa. Kila mara mistari mitatu nakwenda vizuri, wa nne inaanza kupoa yenyewe. Nilimwona Masikio upande wa pili wa kioo anatabasamu: sasa amerudi.

Nikamfuata Bosi. Nikamwambia nataka kurudia sura zote za mwanzo. Akasema vipindi vya wiki mbili vimeshakabidhiwa redioni, tangazo limeshatengenezwa, una wazimu? Nikamwambia ukweli basi, kwamba ile sauti ni ya mtu ninayemjua na ataisikia. Akauliza: ana hatimiliki ya koo? Akacheka mwenyewe. Kisha alipoona sicheki akasema kwa utaratibu kwamba riwaya ni riwaya, mtu mwenye akili hawezi kujiona mle.

Ndilo tatizo. Mama ana akili sana.

Kikulacho ki nguoni mwako. Mimi kinachonila kiko kooni, na ninalipwa kukitoa.

Jumatano, 12 Machi

Tangazo limepita. Mchana, tunakula. Muziki wa kinanda, halafu mimi: "Haya. Nani leo?" Halafu mtangazaji na majigambo yake.

Mama alisimamisha kijiko. Akakiweka. Akakichukua tena.

Ni wewe? akauliza. Ni mimi. Mm, akasema.

Hiyo "mm" nimeipindua kila upande tangu mchana. Ilikuwa fupi. Haikushuka. Au ilishuka kidogo?

Ijumaa, 14 Machi

Nimefanya jambo la aibu. Nimeiba betri za redio ya mama yangu. Mtu mzima, miaka thelathini na tisa, nimeingia jikoni kwa kunyata saa tisa na nusu, nimetoa betri nne, nimezificha ndani ya kiatu.

Saa kumi kasoro akabonyeza. Kimya. Akaitikisa. Akasema betri zimekufa. Nikasema pole, Mama, nitanunua kesho, na kipindi kitarudiwa. Akanitazama. Akachukua fimbo. Nikasema unakwenda wapi na ngazi hizo? Yeye ambaye kwa mtu wa mazoezi analia kwamba hawezi ngazi mbili, ameshuka zote! Amerudi na betri, na fundi cherehani mwenyewe nyuma yake, futi bado iko shingoni, amekuja kusikiliza na yeye. Nimejipalia makaa. Sasa wako wawili.

Nilisimama mlangoni nusu saa nzima. Nimesoma redioni miaka yote hii, sijawahi kujisikia nimevuliwa nguo. Fundi cherehani alikuwa anaguna: he! Mwanamke ana roho huyu! Wewe binti, umemweza! Kila akiguna mimi nafa.

Mama hakuguna. Alikuwa anatazama redio kama mtu anayejaribu kumkumbuka aliyempita barabarani. Sura ilipofika pale watoto wanapopanga zamu, aliinuka, akaosha vikombe. Vilikuwa safi.

Usiku mwema, akasema, jua likiwa bado halijazama. Akafunga mlango wa chumba chake.

Ndiyo basi. Amejua. Kesho atataka kuondoka, namjua. Atasema nyumba yake inapata vumbi.

Jumamosi, 15 Machi

Sijui nianzie wapi. Nianze na viazi.

Tulikuwa tunamenya viazi. Hajafunga mzigo, hajasema vumbi. Amekaa upande wake wa meza, mimi upande wangu. Akauliza bila kuinua macho: ile sauti nani kakufundisha?

Nikajikata kidole. Kidogo tu. Nikasema hakuna, Mama, ni sauti ya kutunga.

Akasema si ya kutunga. Ile ni sauti ya mama yangu.

Nilimwangalia. Bibi alikufa kabla sijazaliwa. Hakuna kanda, hakuna redio, hakuna kitu, kuna picha moja amefumba macho. Mama akasema ndiyo maana hakulala. Alivyoingia kitandani alikuwa anamsikia. "Ile ile. Mama hakuwa anapiga kelele," akasema. "Alikuwa anapoa."

Kupoa! Neno langu! Hatujawahi kulisema mimi na yeye, ni neno la mimi na mdogo wangu chini ya shuka.

Akasimulia. Hajawahi kunisimulia hivi. Bibi alikuwa anawasimamisha, yeye na kaka zake, anaongea nao polepole kama anawabembeleza, mpaka mkubwa wao, mwanamume mzima ana ndevu, akawa anajikojolea. Siku Bibi alipokufa, Mama hakulia. Alisubiri asikie kama nyumba itabaki kimya. Alisema hivyo na kisu kiko hewani, ganda la kiazi linaning'inia.

Nilimwonea huruma. Nilitaka kumshika. Halafu akasema — naandika kama alivyosema:

"Nilipokushika wewe mara ya kwanza niliapa. Nikasema ile sauti wanangu hawataisikia kinywani mwangu. Na Mungu ni shahidi, hamkuisikia."

Alikuwa anatabasamu. Ana fahari! Ndilo jambo moja analojisifia maishani, na ameliweka muda wote huu bila kumwambia mtu.

Nikasema ndiyo, Mama.

Ndiyo, Mama! Ndicho nilichopata kusema. Nikainuka nikaenda kutupa maganda, nikasimama kwenye pipa nje kama mwehu. Nilikuwa nataka kucheka na nilikuwa na hasira. Hasira kweli, naisema wazi hapa kwa kuwa pengine siwezi. Tangu wiki iliyopita nahangaika asijue kwamba ni yeye, nimeiba hadi betri, na yeye hata hajui! Hajui kabisa. Ameapa na akaamini kiapo chake.

Anadhani imeruka. Amesema damu haipotei, imemruka yeye ikaja kwangu, tazama maajabu.

Nimemwandikia mdogo wangu yote. Amejibu neno moja: Muache. Baada ya muda akaongeza: amezeeka, inasaidia nini. Baada ya muda tena: unadhani na mimi nina hiyo sauti?

Nimelaza simu kifudifudi. Sijui.

Jumapili, 16 Machi

Kesho asubuhi narekodi sura ya mwisho. Leo mchana niliitandaza mezani sebuleni, karatasi baada ya karatasi, nipange pumzi. Mama alikuja akakaa. Amekuwa mwepesi tangu jana, ananifuata vyumbani, anaongea. Kama mtu aliyetua mzigo. Nilikuwa nimeamua: nitamwacha. Mdogo wangu ana haki. Mtu akiwa na kitu kimoja tu kizuri anachojua kuhusu nafsi yake, wewe ni nani umpokonye? Niliamua nikiwa napiga mswaki na nikajisikia mtu mwema.

Akauliza kesho kuna nini. Nikamweleza, tangi na yote. Akaguna. Akasema hiyo ndiyo mama yake angeiweza.

Halafu akasema: lakini wewe hukuipata yote. Vipi? Unaishusha mapema mno, akasema. Yeye alikuwa anakuacha kwanza uamini kwamba ameshakusamehe. Unaachia mabega, ndipo inashuka. Akanyoosha mkono. Lete nikuonyeshe.

Nikampa. Sijui kwa nini nilimpa. Kazi, labda. Kuna sehemu yangu ambayo ni msomaji tu, haina mama wala baba, na hiyo ilitaka kusikia.

Akavaa miwani. Akakohoa, akajiweka sawa kwenye kiti kama anayeitwa na Bosi. Alikuwa anajifurahisha, aliniangalia juu ya miwani akanikonyeza! Nikacheka. Nikakaa na penseli yangu nyekundu kuweka alama.

Akasoma: "Leo si zamu yako, mwanangu."

Aliiacha hapo. Kweli nikaachia mabega.

"Simama vizuri," akasoma, "useme tena."

Nilikuwa nimesimama. Sikuinuka, hakuna mahali ninapokumbuka nimeinuka. Kiti kilikuwa kimeanguka nyuma yangu na nilikuwa wima mbele ya meza, visigino vimegusana, mikono nimeifunga nyuma, kidevu chini. Ndivyo tulivyokuwa tukisimama mbele yake mimi na mdogo wangu kwenye korido, yeye kushoto, mimi kulia. Penseli ilikuwa imebingirika chini ya kabati na nilikuwa naisikia bado inabingirika.

Mama alikuwa bado anatabasamu kwa ajili ya Bibi. Akainua macho kuona kama nimependa.

Sikuweza kushusha mikono. Niliiambia ishuke, haikushuka. Niliona anatazama miguu yangu, kisha kidevu, kisha kiti kilichoanguka. Aliangalia kitu kimoja kimoja, polepole. Tabasamu lilikuwa limebaki usoni halina kazi. Akavua miwani.

Akasema toa mikono huko nyuma.

Nikaitoa. Nikaitoa haraka sana. Tukasikia wote wawili nilivyoitoa haraka.

Nikasema Mama, si kitu, nilikuwa naigiza. Ndivyo tunavyofanya, nikasema, tunaigiza ili tuipate. Akauliza na mdogo wako? Nikasema nini na mdogo wangu? Akasema na yeye anasimama hivyo?

Ningeweza kusema hapana. Nilikuwa na muda wa kutosha kusema hapana. Nikaokota kiti, nikakipanga, nikasema natafuta penseli. Nikaja huku chumbani kutafuta penseli iliyoko kule chini ya kabati.

Bado mchana. Chini cherehani inakwenda, inakata, inakwenda. Natakiwa kutoka. Karatasi zote ziko kule, kesho saa mbili Masikio ananingoja, na mama yangu yuko kule peke yake. Nimeshika kitasa na kukiachia sijui mara ngapi.

Namsikia. Nilidhani analia, nikasogea mlangoni. Halii. Anasoma. "Leo si zamu yako, mwanangu." Anaanza upya, kwa juu zaidi, kama mtu anayemwita mtoto kula. "Leo si zamu yako—" Anakatisha. Anakohoa. Anajaribu kwa haraka. Anajaribu kwa kunong'ona. Sasa anaisema neno kwa neno, kama mwanafunzi anayeanza kusoma.

Kila akifika kwenye "mwanangu" inashuka.

Ameanza tena.